Anayebeba Mtungi Ndiye Ajuaye Uzito Wake: Historia ya Maji na Watafiti Ukambani

  Leo hatutaanza na dawa wala chanjo. Tutaanza na mgeni.

Umekaa nyumbani kwako Kanyangi. Umerudi mtoni, mgongo unauma, mtungi umeuweka kivulini. Mara anaingia kijana na daftari au simu kubwa mkononi. Anakusalimu kwa heshima, kisha anauliza: "Mama, maji mnateka wapi? Ni mwendo wa saa ngapi? Mnatumia mitungi mingapi kwa siku? Nani huamua bei ya mtungi?" Unamjibu, anaandika, anakushukuru na kuondoka. Wewe unabaki ukijiuliza: huyu alitaka nini? Na maji yatakuja lini?

Siku hizi wageni wa namna hii ni wengi. Vyuo vikuu vya humu nchini na vya ng'ambo huajiri wasomi waliokwisha kupata shahada ya uzamivu ili wachunguze jinsi maji yanavyoweza kugawanywa kwa haki, na jinsi wananchi wanavyoweza kushirikishwa. Hapa Kitui tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, si mbali nasi. Kwa hiyo ni vizuri ujue historia ya watafiti na maji katika nchi yetu ya Ukambani. Ukiijua, mgeni akija tena utajua la kumjibu na la kumwuliza.

Kwa nini jambo hili limo katika kijitabu cha afya? Kwa sababu mtoto anayeharisha hapati nafuu kwa dawa peke yake. Anahitaji maji safi ya kunywa, na maji ya kutosha ya kuoshwa. Anayeamua kisima kichimbwe wapi, kifungwe saa ngapi na mtungi uuzwe kwa bei gani, huyo anaamua pia afya ya mtoto wako.

Wakati wataalamu hawakuuliza

Turudi nyuma hadi miaka ya 1930, wakati wa ukoloni. Ukambani ulikuwa umepigwa na ukame. Udongo ulikuwa umechukuliwa na maji ya mvua na makorongo yalikuwa yamejaa kila mahali. Serikali ilileta wataalamu wake. Mmoja wao, Colin Maher, aliandika ripoti mwaka wa 1937 kuhusu mmomonyoko wa udongo katika nchi ya Wakamba. Maoni ya wakubwa wa wakati huo yalikuwa kwamba mifugo imezidi na lazima ipunguzwe.

Mwaka wa 1938 serikali ikaanza kuwachukua ng'ombe wa watu kwa nguvu. Wenye ng'ombe hawakuwa wameulizwa. Hakuna aliyeketi na akina mama kujua ng'ombe yule ndiye maziwa ya mtoto, ndiye mahari, ndiye akiba ya siku ya njaa. Basi watu wa Machakos, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Walikaa huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha mpango wa kuchukua mifugo kwa nguvu.

Miaka mingi baadaye watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichunguza Machakos ya zamani, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1994. Walilinganisha mambo yalivyokuwa tangu miaka ya 1930 hadi 1990. Walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko umepungua. Kwa nini? Kwa sababu wakulima wenyewe, na wengi wao wakiwa wanawake, walichimba matuta, wakapanda miti, wakalinda mashamba yao. Ardhi ambayo wataalamu wa miaka ya 1930 walidhani inakufa iliokolewa na wenyewe.

Somo la kwanza ni hilo. Ripoti iliyoandikwa bila kumsikiliza mwenye shida inaweza kuleta shida nyingine. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakati watafiti walipomwuliza mchotaji maji

Sasa tuje miaka ya 1960. Kati ya mwaka wa 1966 na 1968, watafiti waliokuwa na daktari mmoja kati yao walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Walikuwa Gilbert White, mke wake Anne White, na Daktari David Bradley. Walifika mahali 34 katika nchi hizo tatu. Walifanya jambo ambalo lilikuwa geni kwa wakati ule: waliwauliza wachotaji wa maji wenyewe, na wengi wa hao walikuwa akina mama na watoto. Walitaka kujua wanakwenda mbali kiasi gani, wanabeba uzito gani, na kwa nini wanachagua kisima hiki na kuacha kile.

Kitabu chao kilichapishwa mwaka wa 1972, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wachotaji wa Maji". Kutokana na kazi hiyo tulipata somo la afya ambalo linafundishwa duniani kote mpaka leo. Bradley aligawa magonjwa ya maji katika mafungu manne. Tuyaangalie moja moja, kwa maana kila fungu lina kinga yake.

Fungu la kwanza ni magonjwa yanayoingia kwa kunywa maji machafu. Humo mna kipindupindu na homa ya matumbo. Kinga yake ni kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Fungu la pili ni magonjwa yanayokuja kwa sababu maji ni machache mno ya kuoga na kunawa. Humo mna upele, macho mekundu yenye usaha, na kuhara pia. Kinga yake ni kupata maji ya kutosha, hata kama maji yenyewe si ya kunywa.

Fungu la tatu ni magonjwa ya wadudu wanaoishi ndani ya maji, kama kichocho kinachotokana na konokono. Kinga yake ni kuwazuia watoto kuoga na kucheza katika maji yaliyotuama, na kutojisaidia ndani ya maji au kandokando yake.

Fungu la nne ni magonjwa yanayoletwa na wadudu wanaozaliana majini au karibu na maji, kama malaria ya mbu. Kinga yake ni chandarua, na kufunika matangi na mitungi.

Tazama fungu la pili, mama. Kabla ya hapo watu wengi walifikiri habari ni usafi wa maji tu. Wachotaji maji waliwaonyesha wasomi kwamba wingi wa maji nao ni afya. Mama aliye na mitungi miwili kwa nyumba ya watu wanane hawezi kumwosha kila mtoto mikono kabla ya kula. Hakosi akili wala hakosi bidii. Anakosa maji. Kwa hiyo mtu akikuambia watoto wako wanaumwa kwa sababu wewe ni mchafu, mwulize kwanza kisima kiko umbali gani.

Miaka 30 baadaye, watafiti wengine, wakiwemo Wakenya, Waganda na Watanzania, walirudi katika sehemu nyingi kati ya zile za kwanza. Matokeo yao yalitoka mwaka wa 2001. Walikuta kwamba nyumba zisizo na mfereji zilikuwa zinatumia wastani wa takriban dakika 92 kwa siku kuteka maji. Wakati wa uchunguzi wa kwanza zilitumia kama dakika 28. Umbali haukuwa umezidi sana. Kilichozidi ni foleni na kungoja. Wewe uliyewahi kulala kisimani wakati wa kiangazi huhitaji kusimuliwa habari hiyo.

Mwethya na mabwawa ya mchanga

Wasomi walikuwa wakipima, lakini watu wa Ukambani hawakukaa kungoja. Tangu zamani tumekuwa na mwethya, ile kazi ya kusaidiana kijijini. Wanaume wengi walipokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, mwethya ulibaki mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliobeba mawe, mchanga na maji ya kujengea.

Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha mto unafurika, na baada ya muda mfupi unabaki mchanga mtupu. Lakini mama wa Kikamba anajua kwamba chini ya mchanga kuna maji, ndiyo maana anachimba kithima. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo huo. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukata mto, ukisimama juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyakaushi upesi, na mbu hawapati pa kutaga mayai.

Mwaka wa 1978 kikundi cha Utooni kule Machakos, kikiongozwa na Joshua Mukusya, kilianza kazi ya namna hii. Hapa Kitui, shirika la SASOL lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa kushirikiana na wanavijiji likajenga mabwawa ya mchanga zaidi ya 500. Shirika lilitoa saruji na fundi, wananchi wakatoa mawe, mchanga na nguvu zao. Baadaye watafiti kutoka nchi nyingine walikuja Kitui kujifunza. Mara hii watu wetu ndio waliokuwa walimu.

Lakini hata hapa maswali ya haki yapo. Ukuta ukijengwa karibu na shamba la fulani, je, njia ya kwenda kisimani itabaki wazi kwa wote? Waliobeba mawe ni wanawake, je, waliokaa kwenye kamati ni akina nani? Na wenye malori wakija kuzoa mchanga, wanachukua maji pia, kwa sababu mchanga ndio tangi letu. Ndugu zetu wa Makueni walipitisha sheria ya kaunti ya kulinda mchanga mwaka wa 2015, baada ya kuona mito ikikauka.

Lipo na swali la usafi. Mwaka wa 2018 kulichapishwa uchunguzi wa maji ya mabwawa ya mchanga kusini-mashariki mwa Kenya. Ulionyesha kwamba maji ya visima vilivyofunikwa yalikuwa na vijidudu vichache na matope machache kuliko maji ya mashimo ya wazi yaliyochimbwa mchangani. Mchanga husaidia kuchuja, lakini punda akinywa mle mle unamochota, uchafu unarudi. Kwa hiyo zungusheni kithima ua wa miiba, wanyama wapewe mahali pao upande wa chini, na maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe hata kama yanaonekana maangavu.

Pampu iliyoharibika

Sasa tuende upande wa kaskazini wa kaunti yetu, kule Kyuso. Huko kulikuwa na pampu nyingi za mkono. Shida haikuwa kukosa pampu, bali pampu zilizoharibika na kukaa hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliweka kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu. Kila mara mama anaposukuma mpini, kifaa kinahesabu na kutuma habari kwa njia ya simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua.

Katika majaribio hayo ya mwaka wa 2013, muda wa kungoja pampu itengenezwe ulipungua kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Fikiri, mama, siku 27 ni karibu mwezi mzima wa kurudi kwenye maji ya shimo. Ni siku nyingi za kuumwa kwa mtoto. Kutokana na kazi hiyo kulizaliwa FundiFix, kampuni ya mafundi wa pampu katika Kitui na Kwale, na kuanzia 2015 Kitui ikawa mojawapo ya maeneo ya utafiti mkubwa wa maji ulioitwa REACH.

Hapa pia tunajifunza kuhusu haki. Wengi walikuwa tayari kulipa walipoona kwamba pampu inatengenezwa upesi. Mtu hakatai kulipa kwa sababu ni mkaidi tu. Mara nyingi amechoka kulipia maji ambayo hayaji. Lakini ada ikiwekwa, lazima kamati iulize: mjane asiye na chochote atafanyaje? Nyanya anayelea wajukuu je? Mwenye punda na mitungi sita, je, asimame foleni moja na mama mjamzito mwenye mtungi mmoja?

Mwaka wa 1984 tulipata ile njaa inayoitwa Nikwa Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nazo mkononi. Watu walikuwa na pesa lakini chakula hakikuwapo cha kununua. Tusifike mahali pa kuwa na kisima katikati ya kijiji, na jirani bado anakufa kiu kwa sababu hakuna aliyemfikiria.

Mgeni akija tena

Basi, yule kijana akirudi na daftari lake, mkaribishe. Lakini ujue haki zako.

Kwanza, mwulize ametoka wapi na kazi yake ni ya nani. Nchini Kenya mtafiti anatakiwa awe na kibali cha tume ya taifa inayosimamia sayansi, NACOSTI. Si utovu wa adabu kuomba kukiona.

Pili, una haki ya kukataa kujibu, au kuacha katikati, na hakuna anayeruhusiwa kukunyima maji wala huduma kwa sababu hiyo. Kama hataki kukueleza majibu yako yatatumika vipi, usimjibu.

Tatu, mwulize: "Matokeo utayarudisha lini, na kwa lugha gani?" Habari za maji yetu zisilale kwenye kabati la mji wa mbali. Zisomwe barazani na kliniki, kwa Kikamba na Kiswahili, ili nasi tuzitumie.

Nne, mwambie yale ambayo hakuuliza. Mwambie kisima ambacho maji yake ni ya chumvi, njia ambayo wasichana wanaogopa kupita jioni, na nyumba ambazo hazihesabiwi. Wewe ndiwe unayejua.

Tano, mkutano wa maji ukiitishwa, nenda. Kama ni saa ya kuteka maji, ombeni saa ibadilishwe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya uongozi. Kamati ya kisima ya wanaume watupu imeiacha nje sauti ya anayebeba mtungi.

Mambo ya kufanya leo

Haki huchukua muda, na mtoto anataka maji leo. Kabla hatujaagana, tukumbushane machache.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji mengine, hata wakati wa joto kali na ukame. Mama ndiye anayehitaji kunywa zaidi.

Maji ya kunywa yachuje kwa kitambaa safi yakiwa na matope, kisha yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yaweke katika chombo chenye mfuniko. Kama mnateka Mto Athi, kumbuka kwamba mto huo hupokea maji machafu kutoka Nairobi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala kemikali. Mkiwa na njia ya kuvuna maji ya mvua ya Novemba kutoka kwenye mabati, hayo yawekeni akiba ya kunywa na kupikia.

Maji yakiwa haba, yape mikono nafasi ya kwanza. Kibuyu au chupa yenye tundu dogo, ikining'inizwa karibu na choo, huosha mikono ya watoto wengi kwa maji kidogo. Maji ya kuoshea mboga yanaweza kumwagilia miche.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS kwa kipimo cha kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyokueleza. Akiwa na damu kwenye choo, macho yakiwa yamezama, akishindwa kunywa au akilegea, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje asubuhi.

Mama, tangu mwaka wa 1938 hadi leo mambo ya maji na ardhi Ukambani yalikwenda vizuri pale mwenye mzigo aliposikilizwa, na yaliharibika pale aliposemewa na wengine. Jumamosi ijayo, mtakapokutana kisimani, ulizaneni swali moja tu: nani kati yetu hakufika kuteka maji leo, na kwa nini? Mkipata jibu, mpelekeeni mtungi mmoja, kisha jina lake lipelekeni kwenye kamati.

Kwa leo tuishie hapo. Afya njema kwako na kwa wale unaowalea.